Pombe na moyo: jinsi ya kupima unachokunywa na kukipunguza bila kujidhuru

Mtu akiulizwa kliniki anakunywa pombe kiasi gani, jibu lililozoeleka ni "kidogo tu" au "za wikiendi". Jibu hilo halimsaidii daktari, wala halimsaidii mnywaji mwenyewe. Moyo unaumizwa na mambo mawili yanayopimika: jumla ya gramu za kileo kwa wiki, na gramu zilizoingia kwa mkao mmoja. Anayekunywa bia moja kila jioni na anayezimaliza zote saba Jumamosi usiku wana jumla ileile, lakini wa Jumamosi ndiye aliye karibu zaidi na kushtuka saa tisa usiku huku moyo unamwenda mbio bila mpangilio.

Maelezo haya ni ya mtu mzima anayekunywa na anataka kujua amesimama wapi, kisha apunguze. Utahitaji daftari, kikokotozi cha simu na, ukiweza, mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu. Zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono ziache. Mkono ukishuka kidogo tu chini ya usawa wa moyo, namba inapanda.

Geuza chupa usome lebo

Lebo ina namba mbili unazozihitaji: ujazo kwa mililita na kiwango cha kileo kwa asilimia. Zidisha ujazo kwa asilimia, gawanya kwa 100, utapata mililita za kileo kitupu. Kileo ni chepesi kuliko maji, mililita moja ina uzito wa gramu 0.79, kwa hiyo zidisha tena kwa 0.79. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inakwenda hivi: 500 mara 5 gawanya kwa 100 ni 25, 25 mara 0.79 ni 19.75. Andika gramu 20.

Fanya hesabu mara moja tu kwa kila kinywaji chako, iandike ukurasa wa kwanza wa daftari. Baada ya hapo unahesabu chupa, si asilimia. Hizi tumekwisha kuzipiga:

- Bia ya mililita 330, asilimia 5: gramu 13
- Glasi ya waini ya mililita 150, asilimia 12: gramu 14, chupa nzima ya mililita 750: gramu 71
- Toti ya mililita 30 ya pombe kali ya asilimia 40: gramu 9.5
- Kichupa cha mililita 200, asilimia 35: gramu 55
- Chupa ya mililita 250, asilimia 40: gramu 79
- Mzinga wa mililita 750, asilimia 40: gramu 237

Tazama kichupa cha mililita 200. Kinaingia mfuko wa shati, kinaisha ndani ya nusu saa, na ndani yake mna karibu bia kubwa tatu, zile za mililita 500. Tanzania ilipiga marufuku viroba Machi 2017, lakini tabia ya kumeza pombe kali kwa haraka ilihamia kwenye vichupa hivi, na wengi wanaovitumia wanajihesabia "kimoja tu".

Kosa kubwa la hesabu linatokea nyumbani, kwa kumimina kwa macho. Mimina maji kwenye glasi yako hadi pale unapomiminaga pombe kali, halafu yapime kwa bomba la sindano la mililita 20 au kikombe chenye alama kinachokuja na dawa ya kikohozi. Mara nyingi "toti" ya nyumbani inatoka mililita 50 au 60, yaani toti mbili. Glasi pana ya waini nayo inabeba mililita 250 bila kuonekana imejaa.

Pombe za kienyeji hazina lebo, na nguvu yake inabadilika ndani ya siku moja. Mnazi uliogemwa asubuhi ni tembo tamu. Ukikaa hadi jioni sukari yake imegeuka kileo na umekuwa tembo kali. Ulanzi ni hivyohivyo. Kwa mbege, ulanzi, mnazi na busaa, kadiria asilimia 5, maana yake lita moja ni gramu 40. Kama mnakunywea kata au jagi, lijaze maji nyumbani, uyamimine kwenye chupa ya maji ya lita moja, ujue linachukua kiasi gani. Gongo na chang'aa usizipangie gramu kabisa. Nguvu yake inategemea mpishi, na ikiingia methanoli, aina ya kileo chenye sumu, kiasi kidogo tu kinapofusha au kuua.

Sasa andika wiki mbili kamili bila kubadilisha chochote. Andika palepale chupa inapofunguliwa, kwenye simu kama daftari liko nyumbani. Ukingoja asubuhi, mbili za mwisho zitapotea, na hizo ndizo zilizokuharibia usingizi.

Namba zinasema nini

Kipimo cha kwanza ni gramu 100 kwa wiki, yaani bia kubwa tano. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet, uliokusanya wanywaji karibu 600,000 kutoka nchi 19 za kipato cha juu, ulionyesha kwamba kupita hapo umri wa kuishi unaanza kupungua. Kila nyongeza ya gramu 100 kwa wiki iliambatana na ongezeko la asilimia 14 la kiharusi, asilimia 9 la moyo kushindwa kusukuma damu, na asilimia 24 la vifo vitokanavyo na presha. Shambulio la kawaida la moyo lilipungua kidogo, kwa asilimia 6, na hapo ndipo watu wengi hushikilia. Lakini mwili ni mmoja. Faida hiyo ndogo inamezwa na kiharusi na presha.

Uingereza inawaambia watu wake wasivuke gramu 112 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Ulaya, lilisema Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Kauli hizi mbili hazigongani: hatari inaanza na glasi ya kwanza, na inapanda kadiri unavyoongeza.

Kipimo cha pili ni gramu 60 kwa mkao mmoja, bia kubwa tatu. Shirika hilohilo linahesabu hapo kuwa ni unywaji wa kupindukia. Chukua mfano wa mtu anayejiona wa wastani: Ijumaa bia tatu, Jumamosi sita, Jumapili mbili za kumalizia. Jumla ni chupa 11, gramu 220. Amevuka kipimo cha wiki mara mbili na zaidi, na Jumamosi peke yake imebeba gramu 120.

Mwanamke ashushe vipimo hivi. Mwili wake kwa kawaida una maji kidogo kuliko wa mwanamume wa uzito uleule, kwa hiyo glasi ileile inaacha kileo kingi zaidi kwenye damu. Mjamzito asinywe.

Na mvinyo mwekundu? Imani kwamba unalinda moyo ilishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtafiti Mfaransa Serge Renaud alipojaribu kueleza kwa nini Wafaransa wanakula mafuta mengi na bado hawafi sana kwa magonjwa ya moyo. Tatizo lililogundulika baadaye ni kwamba kundi la "wasiokunywa" katika tafiti nyingi lilichanganywa na watu walioacha kwa sababu tayari ni wagonjwa, hivyo wanywaji wa kiasi wakaonekana wazima kuliko walivyo. Mwaka 2019 utafiti wa China uliohusisha watu takriban 500,000 ulitumia tofauti za kurithi zinazofanya baadhi ya watu wasivumilie pombe, na kinga dhidi ya kiharusi haikuonekana. Asiyekunywa hana sababu ya kiafya ya kuanza.

Kinachoendelea ndani

Pombe inagusa moyo kwa njia tatu, na kila moja ina wakati wake.

Presha inadanganya. Saa za kwanza baada ya kunywa sana mishipa inalegea na presha inaweza kushuka, mapigo yakienda kasi. Baada ya kama saa 13 presha inapanda juu ya kawaida. Ndiyo maana anayepima jioni akiwa amekunywa anafurahia namba nzuri, na kesho yake mchana anaumwa kichwa akidhani ni jua.

Mdundo ni wa pili. Mwaka 1978 daktari Philip Ettinger na wenzake huko New Jersey, Marekani, walieleza watu waliofika hospitali na moyo ulioharibika mdundo baada ya kunywa sana wikiendi na sikukuu. Mwaka 2015 watafiti wa München, Ujerumani, waliwapima watu zaidi ya 3,000 kwenye tamasha la bia la Oktoberfest, na karibu asilimia 30 walikuwa na hitilafu ya mapigo, wengi wao mapigo ya kasi. Hitilafu ya hatari kuliko mapigo ya kasi ni pale vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka badala ya kusukuma. Damu inatuama humo, inaganda, na bonge likipanda kwenye ubongo linaleta kiharusi. Mwenye tatizo hili ana habari njema: utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2020, wa wagonjwa 140, ulionyesha kwamba lilirudi kwa asilimia 53 ya walioacha pombe, dhidi ya asilimia 73 ya walioendelea.

Ya tatu ni msuli wenyewe. Anayekunywa gramu 80 au zaidi kwa siku, bia kubwa nne, kwa miaka mitano na kuendelea, yuko kwenye hatari ya moyo kutanuka na kulegea. Dalili zinakuja polepole: miguu kuvimba jioni, kuhema kwa kupanda ngazi, kuongeza mito ili alale. Ukigundulika mapema na pombe ikaachwa kabisa, moyo huo unaweza kurudisha sehemu kubwa ya nguvu zake.

Pima presha wiki nzima

Usipime ukiwa umetoka kupanda ngazi, kuvuta sigara au kunywa kahawa. Subiri nusu saa. Nenda chooni kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa kinapandisha presha. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane, utulie dakika tano bila kuongea wala kushika simu. Vua shati au pandisha mkono wa nguo juu kabisa. Funga mkanda vidole viwili juu ya kikunjo cha kiwiko, uweke mkono mezani ili mkanda uwe usawa wa moyo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ukweli. Mwenye mkono mnene anunue mkanda mpana.

Pima mara mbili asubuhi kabla ya dawa na chakula, mara mbili jioni kabla ya kunywa chochote, ukiacha dakika moja kati ya vipimo. Fanya hivyo siku saba, tupa namba za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ni presha ya juu. Pembeni ya kila namba andika gramu za jana yake. Ukiona 128 baada ya siku kavu na 146 jioni ya Jumapili, huhitaji mtu wa kukushawishi.

Shika na mapigo pia: vidole viwili chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, hesabu sekunde 30 uzidishe kwa mbili. Ukiwa umepumzika, 60 hadi 100 ni kawaida. Sikiliza na mpangilio: kama yanakuja kwa kurukaruka, pima presha mara tatu uchukue wastani, kwa maana mashine nyingi zinachanganyikiwa na mdundo usio sawa, halafu nenda ukapimwe umeme wa moyo.

Kupunguza

Anza na siku nzito kuliko zote. Huyu wa chupa 11 akiigusa Jumamosi tu, kutoka sita hadi mbili, ameondoa gramu 80 na amejitoa kwenye unywaji wa kupindukia siku hiyo. Wiki inayofuata aishushe Ijumaa hadi mbili na aiache Jumapili. Amebaki na chupa nne, gramu 80. Weka siku nne au zaidi kavu kwa wiki, na siku ya kunywa usivuke gramu 40, wala gramu 100 kwa wiki nzima.

Raundi ndizo zinazoshinda watu wengi. Ukikaa na watano, kila mmoja akitoa raundi moja, umeshafika chupa tano kabla ya kuulizwa unataka ngapi. Jitoe mapema: nunua yako mwenyewe, fika saa moja baada ya wenzako, au sema wazi kwamba daktari ameweka kikomo. Agiza chupa ndogo. Kila ndogo badala ya kubwa inapunguza gramu 7. Usikubali kujaziwa glasi ambayo haijaisha, maana hesabu inapotea hapo. Kula kabla ya kuanza, si baada, na chupa ya pili iwe ya maji.

Sahani ya pembeni nayo ihesabiwe. Nyama choma yenyewe haina neno, lakini ile chumvi ya kuchovyea kila kipande inapandisha presha juu ya ile iliyopandishwa na pombe. Omba ndimu na pilipili. Kuchanganya pombe kali na vinywaji vya kuongeza nguvu ni vibaya zaidi ya watu wanavyodhani: kafeini inaficha ulevi, mtu anaendelea kunywa akijiona mzima, na moyo unasukumwa kutoka pande mbili. Kuzimua asubuhi hakutibu kitu; kunasogeza mbele tu saa ya presha kupanda na kuongeza gramu kwenye jumla.

Matokeo yanaonekana haraka. Kwa waliokuwa wakinywa zaidi ya vinywaji sita kwa siku, kupunguza karibu nusu kulishusha namba ya juu ya presha kwa wastani wa 5.5 na ya chini kwa 4. Pima tena wiki ya nne kwa utaratibu uleule.

Nani asiache ghafla

Hapa tunaomba usome polepole. Anayekunywa kila siku bia kubwa tano au zaidi, au vichupa viwili, au anayetetemeka mikono asubuhi mpaka azimue, au aliyewahi kupata degedege alipokosa pombe, asiamue leo kwamba hanywi tena na kujifungia ndani. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe ukiikosa unafyatuka. Ndani ya saa 6 hadi 24 anatoka jasho, anatetemeka, mapigo na presha vinapanda. Degedege huja zaidi ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo na kuwaka homa, na hali hiyo inaua. Familia nyingi hudhani amerogwa.

Hospitali ya wilaya au ya rufaa ina dawa za kumtuliza, mara nyingi diazepamu, na vitamini B1, ambayo wanywaji wa muda mrefu huikosa na ambayo kuikosa kwenyewe kunadhoofisha moyo. Anzia kitengo cha afya ya akili. Kenya kuna simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya: 1192. Kama mnangoja nafasi, apunguze sehemu moja ya kumi kila siku nne, akiangaliwa na mhudumu wa afya, na mtu alale naye chumba kimoja.

Ukiwa kwenye dawa

Usiruke kidonge cha presha ili upate kunywa. Presha inapanda kwa kukosa dawa, kisha inapanda tena kwa pombe. Meza dawa, acha chupa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kuvuja damu, kwa kuwa pombe inavuruga kiwango chake. Furosemidi, dawa ya kukojoza maji yaliyozidi mwilini, na pombe vyote vinapoteza madini ya potasiamu na magnesiamu, na yakishuka, mdundo unaharibika. Kwa anayetumia digoksini, dawa ya moyo, hatari ni kubwa zaidi. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi anaweza kushuka sukari usiku. Anapepesuka, anaongea ovyo, wenzake wanasema amelewa, wanamwacha alale. Mpimeni sukari, kama bado anaweza kumeza, mpeni soda ya kawaida au maji ya sukari, na kama hawezi, hospitali.

Mwenye moyo uliotanuka, moyo unaoshindwa kusukuma, mdundo uliovurugika au aliyewahi kupata kiharusi cha kuvuja damu, ushauri wetu kwake ni sifuri. Vipimo vya gramu hapo juu si vyake.

Safari ya hospitali

Maumivu ya kifua yanayobana na kuelekea bega, mkono au taya, kuzimia, pumzi kukata ukiwa umelala, mdomo kupinda, mkono mmoja kulegea au ulimi kuwa mzito: ondoka sasa hivi kwa gari la kwanza linalopatikana, hata kama mtu amelewa. Usingoje pombe imtoke.

Kwa safari isiyo ya dharura, beba daftari lote, la gramu na la presha, pamoja na dawa zenyewe zikiwa kwenye pakiti zake. Taja namba halisi. Omba upimwe umeme wa moyo, sukari, mafuta ya damu, figo na potasiamu, na kama miguu inavimba au unahema, kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Kama moyo unakwenda mbio usiku wa Jumamosi tu, kipimo cha umeme wa moyo cha Jumanne asubuhi kinaweza kutoka kizuri kabisa. Mwambie daktari hivyo, na uulizie mashine ndogo ya kuvaa inayorekodi mapigo kwa saa 24.